Tupeane uzoefu: Nini kilimfanya mteja wa mtandaoni anunue, au akukimbie?

Fundi Brashi
Wakuu, habari za mchana. Nauza viatu vya mtumba hapa Kilombero, Arusha, na wateja wengi nawapatia kwenye statusi ya WhatsApp. Mwanzoni nilikuwa naandika "bei njoo inbox" kama nilivyoona wenzangu wakifanya. Statusi wanaitazama watu mia na ushee, anayeuliza bei ni mmoja, naye ni shangazi yangu.

Siku moja dada mmoja akapita mezani: "Kaka, vile vyekundu nilivitaka tangu Jumatatu. Niliona aibu, niulize bei halafu nishindwe." Nilibaki nimeshika brashi, kiatu kimoja mkononi. Kumbe wale walionyamaza walikuwa wanavitaka, ila waliogopa kuumbuka kwa mtu ambaye hata uso wake hawauoni! Tangu siku ile naandika juu ya picha: namba 39, shilingi 25,000. Maswali yamepungua, viatu vinatoka. Ninyi je?

Mama Keki, Majengo Moshi
Mimi nilikuwa narusha picha za keki hata thelathini kwa siku. Mteja anajibu "zote nzuri mama, nitakuambia." Haambii ng'o. Mwanangu aliye chuo akanihadithia jaribio la Sheena Iyengar na Mark Lepper la Marekani, lilitoka 2000. Dukani waliweka meza ya kuonja jemu aina 24, wakati mwingine aina 6. Kwenye 24 watu walijaa zaidi, ila walionunua ni kama 3 katika kila 100. Kwenye 6 walinunua kama 30. Sasa naweka tatu tu: ya kipaimara, ya bethidei, ya sendofu. Mtu akitaka nyingine ataniambia mwenyewe.

Binti Vitenge
Mama yangu, shikamoo. Jemu si kitenge. Nikiweka vitatu naulizwa "vingine umeficha wapi?" Mwanamke anayetafuta kitenge anataka kuchambua mpaka aridhike.

Mama Keki, Majengo Moshi
Marahaba mwanangu. Nimemuuliza mtoto, anasema uko sawa: 2010 watafiti wengine walikusanya majaribio mengi ya namna hiyo wakakuta kwa wastani wingi wa vitu haukuwa na athari yoyote ya maana. Inategemea mnunuzi anajua anachokitaka au la. Kwangu wengi hawajui, wanajua tu tarehe ya sherehe.

Njiro Blenda
Naungama hapa. Nilikuwa naandika "ZIMEBAKI 2 TU, WAHI". Ni kweli inafanya kazi, mtu akihisi kitu kitamponyoka anakitaka maradufu. Wiki ya kwanza niliuza vizuri. Ya pili jirani mmoja akatupa kwenye grupu la mtaa skrinishoti za siku nne mfululizo, zote zimebaki 2, akauliza: "Hizi blenda zinazaana usiku?" Mpaka leo nikipita dukani kununua mkate wananiita Mbili Tu.

Fundi Brashi
😂😂 Pole mkuu.

Mzee wa Vipuri
Vijana, mimi nilitukanwa kwenye komenti, "tapeli mkubwa wewe", kisa boda alichelewa. Sikujibu. Nikampigia simu. Aliposikia sauti ya mzee: "Shikamoo baba, nilikuwa na hasira tu." John Suler, mwanasaikolojia, aliliandika hilo 2004: nyuma ya kioo, bila kuonana macho, watu wanafungua breki. Tangu hapo malalamiko yote namaliza kwa sauti.

Fundi Brashi
Nimechukua hiyo, mzee. Binti Vitenge, mke wangu ameona kile cha bluu kwenye picha yako ya wasifu. Bei gani?

Binti Vitenge
Njoo inbox kaka.