Video zote za Python naelewa, ila nikifungua ukurasa mtupu akili inaganda. Nisaidieni

Kijana wa Tandika

Wakuu, heshima kwenu. Naenda moja kwa moja kwenye mada.

Nina miezi minne najifunza Python, lugha ya kuandikia programu, kwa simu. Naandikia kwenye app ya Pydroid 3 kwa sababu ukishaipakua haikuli bando. Nimepita vigeu (majina ya kuhifadhia thamani), if ya masharti, vitanzi vya for na while vya kurudia kazi, orodha, fanksheni (vipande vya programu vyenye jina na kazi yake). Nikimwangalia mwalimu kwenye video naitikia kila mstari. Nikifunga video niandike cha kwangu, nabaki nakodolea kimstari kinachopepesa, kama mtoto aliyefika dukani akasahau alichotumwa.

Cha kwangu chenyewe ni hiki. Mama ni kijumbe. Ana mchezo wa kupokezana pesa wa watu 12, kila Jumamosi 10,000 kwa kila mmoja, na hesabu zote ziko kwenye daftari ambalo mwandiko wake anausoma yeye peke yake. Nikasema nimtengenezee programu. Kitanzi kizunguke mara 12, kila mara kiulize kiasi, kikiongeze kwenye jumla inayoanzia 0. Kikagoma mzunguko wa kwanza tu, eti int na str hazijumlishiki. Nikaitia ile 0 ya mwanzo kwenye alama za nukuu, erori ikanyamaza! Nikajaribu na watu wawili, elfu kumi kumi. Jumla ikaja 01000010000. Mama akaniuliza hiyo ni namba ya simu ya nani.

Nina miaka 24, elimu ya kidato cha nne, hesabu nilipata F. Je, nibadilishe lugha, au kichwa changu ndicho hakiko kwa ajili ya mambo haya?

Nawasilisha.

Mzee wa Kodi

Hiyo F iache ilipo. Unachofanya hapo ni kujumlisha na kufuata utaratibu, hamna logarithimu.

Namba ya simu ya mama imetoka hapa: input ya Python, ile amri ya kumuuliza mtumiaji, hurudisha maandishi siku zote, hata ukibonyeza tarakimu tupu. Alama ya + ikikutana na namba inajumlisha, ikikutana na maandishi inabandika. Ilipogoma ilikuwa inakuambia una namba (int) upande mmoja na maandishi (str) upande wa pili. Wewe ukageuza vyote kuwa maandishi, ikatii. Rudisha 0 bila nukuu, halafu kinachotoka kwenye input kipitishe kwanza kwenye int, ikigeuze kuwa namba nzima. Na mtumiaji asiandike koma, maana "10,000" int itaikataa.

Kingine, pesa iweke katika shilingi nzima nzima. Mwambie Python ajumlishe 0.1 na 0.2 uone anachokujibu: 0.30000000000000004. Si ubovu wake. Kompyuta huhifadhi namba kwa mfumo wa mbili, wa 0 na 1 tu, na sehemu moja ya kumi humo haina mwisho, kama theluthi kwenye desimali zetu. Kwenye mchezo wa akina mama sitaki kuwepo siku ya kueleza hiyo nne ya mwisho imetoka wapi.

Nukta Mkato

Python inakudekeza, dogo. Anza na lugha ya C. Utaijua kumbukumbu ya kompyuta, utajua namba inakaa wapi na maandishi yanakaa wapi, na usingepata huo upuuzi wa 010000.

Mzee wa Kodi

Mkuu, C naiheshimu, imetulisha wengi tangu 1972. Ila kijana ana daftari la mama yake, hatengenezi mfumo endeshi. Hata CS50, kozi ya mwanzo ya kompyuta ya Harvard, wanaanza na Scratch, ya kuburuta vipande kwa kidole, ndipo C, halafu Python. Mwache amalize hili kwanza.

Mama Ntilie Mtandaoni

Nimekaa pale, naleta kahawa.

Dada Cherehani

Mdogo wangu, tatizo lako halipo kwenye lugha. Wanabishana bure hao.

Kabla sijaanza kuandika programu nilikuwa nashona. Mteja akileta kitenge, mkasi unakaa pembeni. Unampima, unamuuliza mkono mrefu au mfupi, zipu mgongoni au ubavuni, unachora kwenye karatasi. Video zimekufundisha kutumia mkasi tu. Kwenye video mteja hayupo, mwalimu ameshapima nyumbani kwake, wewe unaona anakata tu na inapendeza.

Kwa hiyo weka simu chini. Chukua karatasi, kaa na mama, mhoji kama vile wewe ndiye kijumbe mpya na kesho anasafiri. Anayepokea wiki hiyo naye anatoa? Mtu akileta 5,000, nyingine Jumatatu, anaandikaje? Wawili wakibadilishana zamu inakuwaje? Andika kwa Kiswahili chako, usiandike neno hata moja la Python. Halafu piga wiki moja kwa mkono, uandike jibu pembeni. Jibu hilo ndilo utakalopimia programu. Bila hilo utajuaje kama imekosea? Ile 01000010000 uliigundua kwa sababu ni kichekesho. Ingekuja 130,000 ungeshangilia.

Kijana wa Tandika

Dada, nimefanya. Tumekaa saa nzima na mama amefurahi kuliko mimi.

Kumbe hata idadi nilikuwa siijui! Watu si 12, ni 11. Mama Asha anacheza majina mawili, zamu ya 4 na ya 9. Anayepokea hatoi, kwa hiyo anashika 110,000. Nusu malipo mama anachora duara, likitimia analijaza rangi. Kubadilishana zamu kunaruhusiwa, ila wote wawili waje mbele yake.

Nikaandika hivi:

*Kwa kila jina kwenye orodha:*
*kama ni jina la anayepokea leo, ruka;*
*la sivyo, ongeza 10,000 kwenye jumla.*

Nikaigeuza kuwa Python mwenyewe, bila video!! Wiki ya 1 imetoa 110,000, sawa na karatasi. Ya 2 sawa. Ya 3 sawa. Ya 4 imetoa 100,000. Nimeisoma mara ishirini sioni kosa.

Nukta Mkato

Mama Asha.

Dada Cherehani

Nukta umemmalizia utamu, ungemwacha ahangaike hata usiku mmoja.

Ndiyo, ni Mama Asha. Programu inauliza "huyu ndiye anayepokea?" na kwake inajibiwa ndiyo mara mbili, kwa sababu jina lake limo mara mbili. Inaruka zamu ya 4, inaruka na ya 9. Lakini muulize mama: wiki Mama Asha anapokea kwa zamu ya 4, ile ya 9 inatoa?

Kijana wa Tandika

Inatoa. Mama anasema "jina la pili linalipa kama kawaida, angekuwa mtu mwingine je?"

Dada Cherehani

Basi mama amekuchorea muundo wote. Kinachotoa na kupokea kwenye mchezo ni *zamu*. Mtu ni mwenye zamu tu, anaweza kuwa na moja, anaweza kuwa na tatu. Ulichanganya vitu viwili ndani ya jina moja.

Tengeneza orodha ya zamu 12, kila zamu na vitu viwili ndani yake: nambari, na jina la mwenyewe. Unapoamua nani arukwe, linganisha nambari, jina liache. Utaona pia wakibadilishana zamu unabadilisha majina mawili tu, na hesabu nyingine zote zinabaki zilivyo.

Halafu usirundike kila kitu kwenye kitanzi kimoja. Gawa kwenye fanksheni: moja ikuambie zamu ya wiki hii ni ya nani, nyingine ijumlishe kiasi, ya tatu itaje ambao hawajatimiza. Kila moja uijaribu peke yake kabla ya kuziunganisha. Ukishindwa kuipa fanksheni jina bila kutumia neno "na", huenda inafanya kazi mbili.

Nukta Mkato

Na uangalie unavyohesabu. Orodha za Python zinaanzia 0. Ukimwomba wa 4 utaletewa wa 5. (C nayo ni hivyo hivyo, kabla hamjaanza.)

Mzee wa Kodi

Hilo lisimsumbue Mswahili. Sisi tunasema saa moja asubuhi na mshale uko kwenye 7, watoto wetu wanasoma saa bila kulia. Toa moja, basi.

Kijana wa Tandika

Wakuu, wiki zote 12 zimetoa 110,000. Ya 4 na ya 9 nimezirudia mara tatu tatu.

Ila hilo la kuanzia 0 liliniuma kweli. Kwa nusu saa Mama Asha alikuwa anapokea wiki ya 3 na mama akawa mkali, akasema huu ndio ugomvi wenyewe anaoukimbia kila mwaka.

Nikamwonyesha kila kitu. Akaniambia zima simu, washa tena, halafu nionyeshe nani hajatoa. Nikazima. Nilipowasha kila kitu kimefutika, inauliza upya kuanzia zamu ya kwanza. Akafungua daftari lake bila kusema neno.

Dada Cherehani

Mama yako anajaribu programu vizuri kuliko vijana wa ofisini kwetu. Vigeu vinaishi programu ikiwa wazi tu, ukiifunga vinaondoka nayo. Hatua yako inayofuata ni kuandika kwenye faili na kusoma kutoka kwenye faili. Anza na faili la maandishi la kawaida, kila zamu mstari wake: nambari, jina, kiasi alichotoa. Panga kwanza kwenye karatasi mstari mmoja utaonekanaje, uulete hapa tuuone kabla hujaandika chochote.

Daftari lake abaki nalo mzunguko huu wote. Kila Jumamosi mlinganishe.