Krauni ikigoma kukaa mnamlaumu fundi, na impresheni imeharibikia kwenu

Wakuu, madaktari wa meno, leo naomba mnivumilie, yamenifika shingoni. Mimi ni fundi wa maabara ya meno. Kila krauni (kofia ya jino) inayogoma kukaa inarudishwa kwangu na kikaratasi cha "rudia", bila simu, bila hata salamu, na mgonjwa ameshaambiwa kwamba fundi ndiye kaharibu. Sisi tunatengeneza juu ya kile mlichotuletea, yaani impresheni, ile chapa ya meno mnayoichukua mdomoni kwa trei. Kikija kimepinda, kazi itatoka imepinda, hakuna uchawi wa kukinyoosha.

Naanza na aljineti, ile dawa ya unga wa kukorogwa na maji, kwa sababu katika dawa za impresheni ndiyo mnayoitesa kuliko zote. Ikishaganda, karibu asilimia 85 yake ni maji. Ukiiacha wazi mezani, maji yanaondoka na jeli inasinyaa. Ukiitumbukiza kwenye maji, inakunywa na kuvimba. Hata ukiifunga vizuri kwenye mfuko wenye unyevunyevu, bado inajikamua yenyewe pole pole, utaona matone yamejitokeza juu yake. Ndiyo maana aljineti ya kawaida inatakiwa kumiminiwa jasi (unga mweupe unaoganda kuwa mfano wa meno) ndani ya dakika 10 hadi 15 hivi. Sasa wewe unachukua impresheni asubuhi, unaizungushia tishu iliyolowa chapachapa, unaiweka kaunta imsubiri mbeba mizigo, inanifikia jua linazama. Halafu unataka meno bandia ya kujazia mapengo yaingie kwa kubofya! Najua zipo aljineti zilizotengenezwa kuvumilia siku kadhaa. Kama unatumia hiyo, heri, lakini nazo zina masharti yake, yameandikwa kwenye pakiti. Someni pakiti.

Kuitoa mdomoni nako ni vita. Wengine wanaichezesha kulia na kushoto kama wanang'oa msumari, eti wasimuumize mgonjwa. Aljineti ikivutwa taratibu inachanika, na isipochanika inanyooka isirudi. Hii siyo raba kamili. Muda ambao imekaa imevutwa ndio unaoamua itarudi kiasi gani. Vunja ule mnaso wa hewa pembeni, kisha itoe mara moja, kwa mkupuo, kufuata mwelekeo wa meno. Na trei iwe na nafasi, milimita 3 hadi 5 kati yake na meno. Mnaniletea trei ndogo mpaka chuma kinaonekana mahali jino lilipogusa, aljineti pale ni utando tu. Utando huo ukipita pale jino lilipotuna unanyumbuka kupita uwezo wake, na hapo umbo limeshakwenda.

Sasa wale wa "mimi situmii aljineti, natumia silikoni". Silikoni ipi? Maana ziko mbili na tabia zake hazifanani. Ile ya bei rahisi inapoganda inazalisha pombe, pombe inapotelea hewani, na impresheni inasinyaa kadiri inavyokaa. Hiyo nayo inataka jasi mapema. Ya pili, ile ya kichocheo cha platinamu, haizalishi pombe inapoganda. Ukiivuta inarudi kwa zaidi ya asilimia 99, inakaa siku kadhaa bila kubadilika kwa kiasi cha kuonekana, na naweza kuimiminia jasi mara ya pili. Hapo kweli mmenunua kitu. Lakini mnakikanda na glavu za lateksi! Salfa iliyomo kwenye lateksi inaiua ile platinamu, puti (ile silikoni nzito ya kukandwa) inabaki inanata juu, na ndipo naletewa impresheni ambayo ukingo, yaani mstari ambapo krauni itakutana na jino, unateleza kama gundi mbichi. Kuzivua glavu dakika ya mwisho hakutoshi, kwa sababu mabaki yake yako mkononi mpaka unawe.

Tena silikoni hiyo hiyo, baadhi ya aina zake hutoa haidrojeni kidogo baada ya kuganda. Ukimimina jasi haraka, mfano wa meno unajaa vitobo vidogo. Kuna daktari alijimiminia mwenyewe palepale, akanitumia mfano uliojaa vitobo, akalalamika kwamba jasi niliyompa ni mbovu. Nilicheka peke yangu, kisha nikakasirika.

Kuhusu damu na mate ukingoni: silikoni haipendi maji. Hata hizi zilizoongezewa dawa ya kuzifanya zishike unyevu hazichukui nafasi ya kukausha jino na kusukuma fizi. Mstari wa ukingo ukikatika, nami nikalazimika kuukisia, krauni itavujisha. Juzi nilimpigia daktari kabla sijaanza, nikamwambia ukingo wa nyuma umechanika. Jibu: "Wewe fanya tu, mgonjwa keshaondoka."

Polieta, dawa nyingine ya impresheni, inashika vizuri penye unyevu, hilo nakubali, naipenda. Ila tabia hiyo hiyo ndiyo inayoifanya inyonye maji baadaye. Mtu ananitumia polieta ya juu na aljineti mbichi ya chini ndani ya mfuko mmoja! Moja inatoa maji, nyingine inayanywa, zote mbili zinaharibika kwa pamoja njiani. Na polieta ikishaganda ni ngumu. Msipoziba mianya chini ya madaraja ya zamani (meno bandia yaliyounganishwa kuvuka pengo), itanasa mdomoni, na mimi nitavunja meno ya jasi nikiitoa.

Polisalfaidi, dawa ya zamani ya impresheni, sina ugomvi nayo, siku hizi siioni, na harufu yake siikumbuki kwa wema.

Na tafadhali, osheni na kuua vijidudu kabla ya kutuma. Impresheni zenye damu mbichi tunazipokea kwa mikono yetu, na sisi ni watu.

Najua mtakuja na "nunua skana ya kinywani, mambo yamebadilika". Nunueni. Skana nayo haioni ukingo uliozama kwenye damu. Kwa wanaoendelea na trei, kuanzia sasa fomu isiyo na jina la dawa ya impresheni, saa ilipotolewa mdomoni na dawa iliyotumika kuua vijidudu, siipokei. Na nikikuonyesha mchaniko kabla ya kazi ukaniambia niendelee, utasaini, na kurudia utalipia wewe.