Naomba ushauri: maoni yangu kwenye warsha ya mpango wa mtaa hayakuandikwa

Habari zenu wakuu, hasa mnaoishi Ulaya. Nipo Ujerumani, mtaa wetu unataka kuboreshwa na manispaa inaita wakazi kwenye mijadala na warsha, nimeshaenda mbili. Wanatandika ramani kubwa mezani wanakupa vistika, kijani bandika unapopapenda nyekundu unapoona pana shida, mi nikabandika nyekundu kwenye jengo letu nikasema wakishakarabati kodi ya nyumba itapanda tutahama wote, mwendeshaji akaandika kikaratasi akakiweka pembeni na kwenye ripoti hakimo. Imeniuma sana, maana Mkataba Mpya wa Leipzig wa 2020 mawaziri wa EU wenyewe walikubaliana mji uwe wa haki, wa kijani na wenye uzalishaji, na wakazi washirikishwe. Nimetuma barua pepe, kimya.

Sasa rasimu ya mpango itawekwa wazi mwezi mmoja na sheria inaruhusu yeyote kutoa maoni kwa maandishi. Je, niandike peke yangu au tukusanye saini za majirani, ipi inapewa uzito zaidi? Na hoja ya kodi niiwekeje ili wasiseme haihusiani na mpango? Kijerumani cha kuongea ninacho, cha kiofisi ndo kinanishinda.