Mzee ninayemtunza ni mpenzi wa uwindaji wa mbweha, binti yangu yuko na wapinzani. Nifanyeje?

MamaTee_UK: Wakuu, heshima kwenu. Niko Leicestershire, Uingereza, namtunza mzee nyumbani kwake. Ujana wake wote alipanda farasi kuwinda mbweha kwa mbwa. Kila Desemba 26 wawindaji hukusanyika mbele ya baa ya kijiji, makoti mekundu, farasi na kundi la mbwa. Familia imeniomba nimpeleke kwa kiti cha magurudumu akawaone wenzake.

Binti yangu wa miaka 19 yuko na wale wanaowafuata wawindaji mashambani kuwazuia. Siku hiyo atakuwa ng'ambo ya barabara na bango. Anasema nikienda nimewaunga mkono wauaji. Mzee hajui. Nyumba tunayoishi ni ya familia yake, na mzee mwenyewe ametuheshimu kuliko wengi hapa. Lakini nami picha za mbweha aliyeraruliwa zinaniumiza. Nishaurini.

Kijana wa Leeds: Pole dada. Si walishapiga marufuku?

Mwanakijiji: Marufuku ipo. Sheria ya 2004 ilianza kutumika Februari 18, 2005, kwa England na Wales. Scotland walitangulia 2002. Kilichobaki halali ni kuburuta kitambaa chenye harufu, mara nyingi mkojo wa mbweha, mbwa wakaifuata. Wapinzani wanasema huo ni mwavuli tu: mbwa wakikutana na mbweha halisi, hakuna anayewarudisha, halafu inaitwa ajali. Ndiyo maana akina binti yako wanatembea na kamera. Wengine hupuliza baragumu kuwapoteza mbwa au kunyunyiza mafuta ya mchaichai kuua harufu. Chama cha Labour kiliahidi kwenye ilani yake ya uchaguzi ya 2024 kufuta hata huo wa kitambaa, kwa hiyo hasira ziko juu pande zote.

Mchungaji wa Wales: Nafanya kazi shamba la kondoo. Mbweha anachukua wanakondoo wachanga, hilo nimeliona. Na mfugo ukifa, watu wa uwindaji ndio huja kuuchukua, wanawalisha mbwa wao. Msiwafanye wote mashetani.

Mwanakijiji: Hakuna aliyesema mashetani, mkuu. Mkulima anaruhusiwa kumpiga risasi mbweha anayemsumbua. Kumkimbiza mnyama mpaka aishiwe pumzi, watu wakitazama kama sherehe, hilo silitetei hata kidogo.

Shangazi Zuhura: Mwanangu, mpeleke mzee. Kumsukuma mgonjwa barabarani ni kazi yako, si kura yako. Ila kabla ya siku hiyo mwambie mwenyewe habari za binti, asije akazisikia baa. Mtu mzima aliyekuheshimu anastahili hilo. Na binti usimkataze, ana haki ya kusimama na bango lake.

Wakili mstaafu: Bango barabarani halina neno. Hatari iko mashambani. Abaki kwenye njia za umma. Kuingia tu shamba la mtu ni suala la madai, lakini akiingia akavuruga shughuli halali, sheria ya 1994 inalifanya kosa la jinai, hadi miezi mitatu jela. Polisi wakiwa na amri, wanaweza pia kumtaka avue barakoa. Mpo kwa viza gani?

MamaTee_UK: Ya kazi, yeye ni tegemezi wangu. Shangazi, nimekuelewa, nitaongea na mzee Jumapili wanawe wasipokuwepo. Wakili, akipewa onyo tu na polisi bila kufika mahakamani, nalo linahesabika?

Wakili mstaafu: Linahesabika. Onyo rasmi hutolewa kwa aliyekiri kosa, na linaingia kwenye rekodi yake. Mkija kuomba ukaazi wa kudumu mtatakiwa kulitaja. Akikamatwa asikubali wala kusaini chochote kabla ya kuongea na wakili. Kituoni wakili wa zamu ni bure, aombe.

MamaTee_UK: Namtumia ujumbe huu sasa hivi. Asanteni sana.