Orodha hizi za "waandishi bora wa programu za sataranji" sasa zimevuka mipaka

Ndugu wanajukwaa, nimekaa kimya muda mrefu, lakini orodha iliyobandikwa juzi imenishinda. Mleta mada amechukua alama za Elo, yaani kipimo cha nguvu ya mchezaji, za programu zinazotamba leo, akazipanga kutoka juu kwenda chini, kisha kila programu akaiandikia jina la mtu mmoja na kutuambia kwamba hao ndio waandishi bora wa nyakati zote. Hapo hajapanga watu hata kidogo. Amepanga kasi ya mashine na tarehe za kalenda.

Tuanze na namba moja wake, Stockfish. Taji hilo amevishwa nani hasa? Tord Romstad aliandika programu ya Glaurung, Marco Costalba akaichukua mwaka 2008 na kuitoa upya kwa jina la Stockfish, Joona Kiiski akaongeza nguvu, na tangu Gary Linscott alipoanzisha Fishtest, mfumo wa kupima mabadiliko ya programu hiyo, mwaka 2013 kazi hiyo imekuwa ya watu wengi mno. Mmoja wao hubadilisha tarakimu moja tu kwenye msimbo, pengine alama zinazopunguzwa kwa kitunda kilichoachwa peke yake, akaituma, na kompyuta za watu wanaojitolea zikachezesha toleo jipya na la zamani maelfu ya michezo. Mara nyingi badiliko huonekana halina faida na hutupwa, naye hurudi kesho na tarakimu nyingine. Juu ya subira hiyo ukaja mtandao wa neva wa NNUE katika toleo la 12 mwaka 2020, ambao Yu Nasu aliubuni kwa ajili ya shogi, mchezo wa Kijapani. Nasu hayumo katika orodha, wala sidhani kama mleta mada amewahi kulisikia jina lake.

Lililonikera zaidi ni Ken Thompson kuwekwa nafasi ya kumi na tisa, eti kwa kuwa Belle, mashine yake ya sataranji, ilikuwa dhaifu. Dhaifu kwa kipimo cha nani? Belle, aliyoiunda pamoja na Joe Condon, ilitwaa ubingwa wa dunia wa kompyuta mjini Linz mwaka 1980. Thompson huyo huyo aliichambua miisho ya mchezo kinyumenyume, akianzia pale mfalme alipokwisha kunaswa, akathibitisha kwamba maaskofu wawili kwa kawaida humshinda farasi mmoja, ilhali kwa zaidi ya karne moja mabingwa waliamini kuwa hali hiyo ni sare. Anayewasahihisha mabingwa kwa mashine za wakati ule hawezi kupimwa kwa Elo ya simu ya leo.

Frans Morsch naye yuko chini kabisa. Mwaka 1995 kule Hong Kong, programu yake ya Fritz ikiendeshwa na kompyuta ya kawaida ya Pentium ya megahezi 90 iliifunga mashine ya majaribio ya Deep Blue ya IBM na kuchukua ubingwa wa dunia. Kwa Feng-hsiung Hsu, aliyesanifu chipu zenyewe za Deep Blue, nakubali kwamba kumtenganisha mwandishi na mashine hakuna maana. Basi angalau mleta mada aseme hivyo. Kathe Spracklen, aliyeandika Sargon na mumewe Dan miaka ya 1970, hakutajwa popote.

Halafu kuna programu ya Rybka katika nafasi ya tatu, bila hata neno moja kuhusu mwaka 2011, ICGA, chama cha kimataifa cha michezo ya kompyuta, kilipoivua mataji baada ya kuhitimisha kwamba ilichota msimbo kutoka programu za Crafty na Fruit. Uamuzi ule unaweza kupingwa, na wapo walioupinga kwa hoja nzito, lakini haufichiki chini ya mkeka, hasa pale Fabien Letouzey, aliyeuweka wazi msimbo wa Fruit 2.1 mwaka 2005 na kuwasomesha wengi, anapofukiwa mkiani.

Mleta mada airekebishe orodha yake, aandike mwaka, mashine na msimbo ambao kila programu ilisimama juu yake. Na Thompson atolewe kwenye hiyo nafasi ya kumi na tisa leo hii.