Naomba ushauri: nivae Daedric au nibaki na Glass? (Morrowind)

Paka_Mnyemeleaji (mleta uzi)
Wakuu, nimetoka gemu ya Skyrim nikarudi nyuma hadi Morrowind ya 2002, ya mfululizo uleule wa Elder Scrolls, na nimekwama. Mhusika wangu ni Khajiit (mtu-paka), mambo ya upinde na kunyemelea. Sasa nina deraya nzito ya Daedric kamili, kofia hadi buti, natisha kama jini, ila nikikimbia kidogo tu pumzi kwisha. Kifua peke yake uzito 90! Nivumilie au nirudi kwenye Glass, ile deraya nyepesi?

Fundi Ngao
Uliitoa wapi? Ile haiokotwi njiani.

Paka_Mnyemeleaji
Nimeipata katika kuhangaika tu. Tusiende huko mkuu, swali langu ni uzito.

Mama Deraya
Morrowind, acheni tu! Bega la kushoto kivyake, la kulia kivyake, glovu hivyo hivyo, halafu juu unajitupia joho. Mimi nilitembea na bega moja la Bonemold na jingine la Glass, kama sanamu ya kutishia ndege, na nikajiona malkia. Gemu iliyofuata, Oblivion, wakaunganisha mabega na kifua. Skyrim wakameza na suruali ya chuma. Vinapendeza, sikatai, ila vipande vinazidi kupungua.

Jongoo Mkavu
2006 nilimnunulia farasi wangu wa Oblivion deraya kwa dola 2.50. Wiki hiyo hiyo nikamtumbukiza bondeni. Alikufa kapendeza.

Fundi Ngao
Narudia. Mwenye Daedric ya kueleweka ni yule mchawi mzee Divayth Fyr, kule kwenye mnara wake wa Tel Fyr. Umemfanya nini mzee wa watu?

Paka_Mnyemeleaji
Sawa, nimemuua. Lakini kakaa mnarani na deraya yote ile, hana hata vita ya kwenda!

Fundi Ngao
Dawa ya Corprus, ule ugonjwa wa kwenye hadithi kuu, alikuwa ameshakupa?

Paka_Mnyemeleaji
Bado. Yalitokea maandishi kwamba uzi wa unabii umekatika, yaani hadithi kuu imeharibika, nikabonyeza nikaendelea. Nimeshasevu juu yake. Na kifua cha Glass nimeshauza, kwa hiyo msinilaumu, nishaurini.

Mwalimu wa Zamu
Tamaa mbele, mauti nyuma.

Jongoo Mkavu
Mauti kapata Fyr, mwalimu.

Sina Haraka
Hii ni chai. Someni posti ya kwanza. Khajiit na Argonian (watu-mijusi) wa Morrowind hawavai buti kabisa, gemu inakataa. Halafu Fyr ana kila kitu isipokuwa kofia. Huyu kasimuliwa.

Mama Deraya
Na mimi nilishaanza kumhurumia!

Paka_Mnyemeleaji
Jamani, buti ziko kwenye mzigo, nilisema vile kwa mbwembwe. Kofia ni ya chuma cha kawaida, rangi inakaribiana.

Fundi Ngao
Yaani umebeba buti za Daedric usizoweza kuvaa, kisha unauliza kwa nini unahema? Zipunguze. Yule mnunuzi Creeper wa mji wa Caldera hanunui kwa kulalia, ingawa dhahabu yake ni 5000 tu. Halafu ulinzi kwenye gemu ile unafuata ujuzi, na wako naona ni wa deraya nyepesi. Daedric inakubeba nusu nusu tu.

Sina Haraka
Aweke picha kwanza.

Paka_Mnyemeleaji
Picha kesho. Fundi, yule niliyemuuzia kifua cha Glass, nikirudi atakuwa bado anacho?