Naomba ushauri: paka wangu ana ufizi mwekundu na hataki mswaki

Ndugu zangu, paka wangu wa miaka 6 ana mstari mwekundu kwenye ufizi wa juu, pale penye magego, na ukoga wa manjano umeganda kiasi kwamba akipiga miayo harufu haivumiliki. Kwa kuwa dawa ya meno ya binadamu haimfai, maana yeye humeza badala ya kutema, nilinunua ile ya paka; anailamba kidoleni kwa furaha, lakini akiuona mswaki tu, huyo chini ya kitanda. Je, nianze na kitambaa laini kilichozungushwa kidoleni, au nisiuguse kabisa ufizi huo kabla daktari wa mifugo hajauondoa ukoga? Chakula anakula, ila siku hizi hutafuna upande mmoja.